Swali la Saba la Mama Maulizo

Ukimsalimia Mama Maulizo kwa "habari", hakukujibu. Alikuuliza kwanza: habari ya mwili, ya nyumba, ao ya roho? Ilibidi uchague moja. Ukisema zote, alikuambia kwamba anayeuliza vitu vitatu kwa pumzi moja hupata jibu moja ambalo si la kitu chochote, kisha akachukua ndoo yake akaenda zake bombani. Wengi pale kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka waliona hicho ni kiburi cha watu wa Bukavu. Mimi nilifanya naye kazi miaka mitano, na nilichoona ni kazi tu, imemwingia mwilini kama vumbi la unga linavyomwingia mtu wa kinu.

Jina hilo alipewa na kambi. Kwetu mashariki ya Kongo swali tunaliita ulizo, na yeye ndiye aliyekuwa akipita mlango kwa mlango na jalada lake la plastiki kwapani, akiwauliza watu mambo ambayo hata wenzi wao wa ndoa hawajawahi kuwauliza. Ndoto zako zinatimia? Unadhani majirani wanakusema? Ukiwa peke yako unaongea na nani? Jina lake la kweli lilikuwa kwenye kadi ya mgao, na sikumsikia mtu akilitumia isipokuwa siku ya mgao.

Kazi yenyewe nieleze mapema, maana bila hiyo mtu huyu haeleweki. Daktari mmoja Mmalawi, mwanamke mpole wa kusema polepole, alikuwa amekodi nyumba Area 49, huko Lilongwe, akaigeuza ofisi. Alichunguza tabia fulani za nafsi ambazo wataalamu wanaziita skizotipi: kuona maana mahali ambapo wengine hawaoni kitu, kushuku watu, kujitenga, kusikia visivyosikika, kuongea kwa kuzungukazunguka mpaka msikilizaji apotee. Alituambia si wazimu. Kila mtu anazo kidogo, alisema, na wachache wanazo nyingi, na kati ya hao wachache wako wanaohitaji kuonwa na mtu kabla mambo hayajaharibika. Fomu ya kupima tabia hizo ilikuwepo tayari, lakini ilikuwa ndefu na ya Kiingereza. Yeye alitaka fupi, ya Kiswahili cha kambini, isiyomchosha mtu aliyeacha chungu jikoni. Mama Maulizo alitafsiri. Mimi nilirudisha: nilipewa Kiswahili chake bila kuonyeshwa Kiingereza cha asili, nikakigeuza tena Kiingereza, na Daktari akaweka karatasi mbili sambamba kuona wapi maana imemwagika njiani.

Jambo la pili nalo nilieleze mapema, ingawa yeye alichelewa kuniambia. Kila asubuhi, akifagia mbele ya nyumba, Mama Maulizo alimsikia binti yake. Nilijua siku nilipofika mapema kuchukua karatasi. Alisimamisha ufagio, akainua uso, akasema kwa upole, "Sawa, mama," kama wazazi wa kwetu wanavyowaita mabinti zao, na pale uani tulikuwa sisi wawili tu. Sikuuliza. Yeye ndiye aliyeuliza kama nimesikia kitu. Nikasema hapana, naye akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeandika jibu.

Siku walipokimbia Bukavu, binti aliteremka kwenye lori kurudi kuchukua begi la vyeti. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alisema, "Mama, niko nakuya," yaani nakuja, na lori likaondoka. Tangu hapo hakuna habari, ya uhai wala ya kifo. Sauti ya asubuhi ilisema maneno hayohayo, haikuongeza wala kupunguza. Mama Maulizo alikuwa amelipanga jambo hilo kwa akili yake yote. Kama sauti ni ugonjwa, basi inatoka kichwani mwake, na mtoto alikufa siku nyingi. Kama si ugonjwa, mtoto yuko mahali fulani na anakuja. Njia ya tatu hakuiona.

"Njo maana natumika ile kazi," aliniambia, yaani ndiyo sababu anaifanya. "Niko natafuta ulizo yenye itaniambia."

Nilimtunzia siri hiyo, wala haikuwa vigumu. Moyo wangu umekufa ganzi tangu Kindu, kwetu Maniema. Niliacha huko mama na kaka wawili chini ya udongo na sijawahi kusikia hata mmoja wao akikohoa. Nina meza yangu ya sabuni, chumvi na betri, naswali, nala, nalala. Nitasema ukweli: nilimwonea wivu.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa juu ya neno kusikia. Kwa Kiswahili cha Kongo neno hilo limebebeshwa kila kitu. Unasikia sauti, unasikia njaa, unasikia baridi, unasikia harufu, unasikia maumivu, na mtu akijua Kifaransa tunasema anasikia Kifaransa. Kwenye fomu ndefu kulikuwa na swali la kuhisi kwamba kuna mtu karibu nawe na huku hayupo. Mama Maulizo akaandika: unasikiaka muntu pembeni yako na hakuna muntu? Mimi nikarudisha kusikia kwa masikio. Daktari akaweka karatasi sambamba, akaona swali limetoka kwenye ngozi likaingia sikioni, akatuita wote wawili.

Nilimwambia Mama aandike kuhisi. Akaniangalia kwa huruma. Kuhisi, alisema, ni Kiswahili cha redio ya Tanzania. Muulize fundi cherehani wa Dzaleka kama anahisi, atakuuliza ahisi kitu gani na kwa chombo gani. Akadai kwamba sisi watu wa Maniema, kwa kuwa babu zetu walifanya biashara na watu wa pwani, tunajiona Kiswahili ni chetu na wao wa Bukavu wamekiazima. Nikamjibu kwamba wamekiazima kweli, na wanakirudisha kimetoboka. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akafuta sentensi yote na kuanza upya.

Kufuta alikupenda. Aliandika kwa penseli tu, kalamu ya wino akisema ni ya watu waliokwisha kuamua. Penseli aliichonga pande zote mbili kwa wembe, upande wa kuandika na upande wa akiba, na mfukoni alikuwa na kipande cha raba kilichokuwa cheusi kuliko viatu vyangu. Karatasi zake zilichakaa kwa kufutwa mpaka ukiziinua kwenye mwanga unaona upande wa pili. Daktari alimpa kompyuta, akaipokea kwa mikono miwili, akaitumia kuzuia karatasi zisipeperuke.

Swali la saba lilikuwa la sauti, na ndilo lililokula penseli nyingi. Mara ya kwanza liliuliza juu ya sauti ambazo wengine hawazisikii: unasikiaka sauti yenye bengine habasikie? Kambi nzima ikasema njo, yaani ndiyo. Tulipokaa na watu kuwauliza wameelewa nini, maana hiyo nayo ilikuwa sehemu ya kazi, mambo yakafunguka. Mwanamke mmoja alisema anasikia sauti za dada yake, zile zinazotumwa kwa simu, naye huziweka sikioni ili wakwe wasisikie. Fundi cherehani wa karibu na soko alisema ndiyo, anasikia, kwa sababu jirani yake ana masikio mabovu. Wengi walisema wameitwa kwa jina wakageuka wasione mtu. Hilo kwetu kila mtu analijua: ukiitwa na hujui ni nani, huitiki mpaka uitwe tena. Tunafundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kusoma. Na swali ambalo kila mtu analisemea ndiyo, Daktari alituambia, halipimi kitu.

Siku hiyo Mama Maulizo alitoka ofisini ana uso mwepesi. Kama kila mtu anaitwa, basi yeye ni kama kila mtu. Alininunulia mandazi kwenye kibanda cha njiani na akala lake na nusu ya langu.

Kosa letu kubwa kuliko yote lilikuwa dogo kiasi kwamba liliishi miezi mitatu bila kuonekana. Kulikuwa na swali: hauna rafiki wa roho? Mtu asiye na rafiki hujibu njo, akimaanisha ndivyo ilivyo, sina. Mwenye rafiki hujibu hapana, ninaye. Mimi na Mama tulisikia hivyo na kuandika hivyo. Lakini waulizaji wenzetu wawili, vijana waliosomea Kiingereza mpaka kikawaingia kwenye usingizi, waliposikia njo waliandika kwamba rafiki yupo, na waliposikia hapana waliandika kwamba hayupo. Aliyegundua ni yeye. Alikuwa akipitia fomu za mtaa wake, akakuta mjane mmoja ambaye tangu afike kambini hajaongea na mtu zaidi ya salamu, na fomu yake inasema ana rafiki wa karibu wa kumweleza kila kitu.

Alitoka nje akaketi kwenye ngazi ya ile nyumba ya Area 49. Nilimfuata. Aliniambia, "Tumemupa muntu rafiki ku karatasi." Kuanzia siku hiyo alipiga marufuku swali lolote lenye "hauna" au "hakuna" mwanzoni, na fomu zote za miezi mitatu tuliziuliza upya, nyumba kwa nyumba, yeye mbele na mimi nyuma nikinung'unika.

Kanisani aliimba. Mchungaji wake siku moja alisimama akauliza nani amesikia sauti ya Mungu wiki hiyo. Mikono ikainuka. Mama Maulizo akasimama katikati ya kwaya akataka kujua: kwa masikio ao ku roho? Mchungaji akasema ni kitu kimoja. Yeye akasema hapana, Papa Pasta, hayiko kintu moja, na wakabishana mbele ya watu, yeye ameshika kitabu cha nyimbo. Mimi si wa kanisa, nilisimuliwa tu, na kila aliyenisimulia alikuwa bado amekasirika. Nilipomuuliza mwenyewe alisema alitaka jibu. Pasta ni mtu wa kusikia mambo, alisema, angekuwa amejua tofauti.

Alikuwa na sheria za kuuliza na alituchapa nazo. Soma kama ilivyoandikwa. Usiulize kisichoandikwa. Usikunje uso. Mtu akilia, ngoja. Usiseme pole, kwa sababu pole inabadilisha jibu linalofuata. Nilimwona akikaa mbele ya mama mmoja aliyelia muda mrefu, penseli hewani, uso umekauka, na moyoni nikasema huyu ni mkatili. Kesho yake nilimkuta kwenye nyumba ileile amepeleka unga, amejifunga kitenge kiunoni, anamsongea yule mama nsima, ambayo yeye mpaka leo anaiita bugali. Aliniona nikishangaa.

"Jana nilikuya na kazi," alisema. "Leo nimekuya na miguu yangu."

Alichukia watu wanaokubali kila kitu, na huku yeye kila alichosema Daktari alijibu zikomo, adokotala, yaani asante daktari, kwa Chichewa chake cha kuazima, kisha akafanya anavyotaka. Alikataa katakata kwamba ndoto zina maana, na hakuwahi kusafiri siku aliyoota maji. Alitufundisha kwamba mtu mwenye siri moja hujibu maswali yote kwa uongo kidogo ili kuilinda, kwa hiyo ukiona mtu amejibu vizuri sana, mshuku. Alilisema hilo darasani akinitazama mimi. Nikatazama dirishani.

Kuna swali moja aliliacha bila kupigana, lile la harufu. Liliuliza kama mtu anasikia harufu ambazo wengine hawazisikii, na tulilijaribu kwa Wakongo wanaobeba mizigo Kanengo, kwenye maghala ya tumbaku. Wote waliisikia. Ilikuwa kwenye mto wa kulalia, kwenye chai, kwenye nywele za watoto wao, na wake zao walisema hawasikii kitu. Tulirudi Area 49 kwa kabaza, yeye nyuma ya baiskeli moja na mimi nyuma ya nyingine, na upepo ukatuletea tumbaku ileile mpaka kwenye geti. Alilifuta swali hilo kabla hajaketi. Ile si kichwa, alisema, ile ni kazi. Nikaona jinsi alivyokuwa mwepesi kuwaponya watu wengine.

Mwaka wa tano Daktari alisema fomu ibaki na maswali kumi na mawili, na la saba litoke. Alikuwa na haki. Tulilibadilisha mara nyingi na bado watu wengi mno walilisemea njo. Swali bovu kwenye fomu ndefu linajificha, alisema, lakini kwenye fomu fupi linaharibu yote. Mama Maulizo hakusema zikomo. Aliomba miezi miwili. Daktari akamuuliza kwa upole, amayi, yaani mama, kwa nini hili tu, mbona la harufu uliliacha? Akajibu kwamba swali zuri la sauti ni swali ambalo mtu anaweza kulitegemea. Daktari akadhani anasema juu ya utafiti, akampa miezi miwili.

Miezi hiyo alifanya kazi ambayo sijamwona mtu akiifanya, kabla wala baada. Alikaa na watu sokoni, bombani, kwenye foleni ya mgao, akijaribu neno moja moja. Aligundua kwamba lazima aseme masikio, kwa sababu kusikia peke yake haitoshi. Aligundua kwamba lazima aweke muda, la sivyo watu wanaleta sauti za utotoni. Aligundua kwamba lazima mtu aonyeshwe kipimo cha sauti yenyewe, na kipimo alichokuwa nacho kila mlango ni sauti ya anayeuliza. Na aliongeza kipande cha pili, kwa sababu alisema kwetu marehemu akikusalimia si ugonjwa, ugonjwa unaanza pale unapokosa raha. Swali likawa hivi:

"Mu ule mwezi umepita, kuko siku ulisikia kwa masikio, njo vile unanisikia mi sasa, muntu anakuita ao anakuambia kintu, unageuka, hakuna muntu?" Na chini yake: "Na ile inakusumbuaka?"

Nililirudisha Kiingereza mara moja tu. Daktari alisoma karatasi mbili, akasoma tena, akasema hakuna kilichomwagika.

Tulipolipeleka milangoni, kambi haikusema njo. Nyumba baada ya nyumba ilisema hapana. Yule wa sauti za simu, hapana. Fundi cherehani, hapana, na akacheka. Waliosema njo walikuwa wachache, na Daktari alipokaa nao aliona kweli walihitaji mtu wa kukaa nao, na wengine walikubali kusaidiwa. Swali lilikuwa limepona. Ofisini tulinywa soda. Daktari alimpongeza mbele ya wote, na Mama Maulizo akapokea pongezi amekaa wima, chupa yake haijafunguliwa. Mimi peke yangu nilijua kinachomsibu. Kadiri alivyolisafisha swali, watu walizidi kuondoka upande wake mmoja mmoja, mpaka akabaki na wale wachache. Alikuwa amejenga mlango kwa miaka mitano na sasa ulikuwa umemfungia ndani.

Alijaribu njia moja zaidi. Alimwendea Daktari akasema ana jirani anayesikia sauti ya mtoto aliyepotea, haimsumbui, je, ni mgonjwa? Daktari alimjibu kwa uangalifu. Fomu haisemi nani mgonjwa, alimwambia, fomu inasema nani tukae naye. Huenda ni huzuni tu, wengi wenye huzuni husikia wapendwa wao. Mlete tuongee. Hayo yalikuwa majibu mazuri, na hayakumsaidia kitu. Yeye hakutaka mtu wa kukaa naye. Alitaka kujua kama binti yake yuko hai.

Tulikuwa tunasubiri gari la kurudi aliponieleza alichoamua. Angekwenda hospitali mwenyewe, aseme ukweli, aombe dawa. Kama sauti ni ugonjwa, dawa itainyamazisha. Kama si ugonjwa, dawa haitaiweza. Alieleza kwa utulivu, kama anavyoeleza namna ya kulijaribu swali jipya.

Nikamwambia, "Mama, ile ni maulizo mbili ndani ya moja. Dawa inaweza kukujibu juu ya kichwa yako. Juu ya mutoto haijui kintu."

"Najua," alisema.

"Sasa?"

"Sasa niko na miaka mingi, na mi sina ulizo ingine."

Gari likaja tukapanda. Ningeweza kumshika mkono, ningeweza kurudi kwa Daktari na kuivunja ile siri, na sikufanya hata moja. Nilijiambia ni mtu mzima. Ukweli ni kwamba sikusikia chochote, kwa maana zote za neno lile. Hilo ndilo kosa langu, na sina wa kulibebesha.

Aliacha kazi mwezi uliofuata, akisema ni macho. Kwa miezi nilimwona kwa mbali tu, nikiwa kwenye meza yangu na yeye akipita kwenda kanisani, akitembea polepole kuliko zamani na amenenepa usoni. Tulipungiana mikono. Alikuwa akinunua sabuni kwa mwingine. Sikumuuliza kwa nini, na nadhani tulielewana kwamba sitauliza.

Kisha Daktari akaanza awamu mpya. Nyumba zilichaguliwa kwa kura, na kwenye orodha yangu nikakuta namba ya nyumba yake. Utaratibu unasema ukimjua mtu mpe mwenzako, lakini mwenzangu wa Kiswahili alikuwa mgonjwa wiki hiyo na orodha ilitakiwa. Nilikwenda asubuhi. Alikuwa ameketi mlangoni kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya magoti, na nilipomwonyesha karatasi alisema karibu, chukua kiti, kiweke kwenye kivuli, soma.

Nikasema naweza kumtafuta mtu mwingine aje siku nyingine. Akasema ameuliza watu wengi na hajaulizwa hata mara moja, nisome.

Nilisoma kama ilivyoandikwa. La kwanza mpaka la sita alijibu upesi, akitazama barabara. La saba nililisoma lote bila kupumua katikati, mpaka kwenye "hakuna muntu". Akawa anasikiliza, na mimi nikajikuta nasikiliza pia. Kulikuwa na redio ya jirani na mtu anapasua kuni.

"Hapana," alisema. "Mu ule mwezi umepita, hapana. Na ule mwengine, hapana." Akaongeza, "Dawa iliweza. Sasa njo tunajua."

Niliweka alama kwenye kisanduku cha hapana. Iliniuma, na nilishangaa kwamba imeniuma. Ilikuwa imepita miaka tangu kitu kiniume. Kwa fomu yake mwenyewe, fomu bora tuliyowahi kuwa nayo, alikuwa mzima. Chini ya kisanduku hicho kuna maelezo ya mwulizaji, aliyaandika yeye: jibu likiwa hapana, usiulize kipande cha pili, nenda la nane.

Nikauliza, "Na ile inakusumbua, Mama?"

Aligeuka akanitazama. "Ile gani?"

"Kunyamaza."

"Ile ulizo haiko ku fomu."

"Najua."

Alitazama mikono yake. Mtu wa kuni alimaliza, redio ikabaki peke yake. Sikusema pole. Nilingoja, kama alivyonifundisha.

"Njo," alisema. "Inanisumbua kila asubui."

Hakuna kisanduku cha jibu hilo. Nikageuza ukurasa nikasoma swali la nane, lile linalouliza kama watu husema kwamba wewe huguswi na jambo. Nilikwama kwenye neno huguswi, na ilibidi nilisome mara ya pili.